Mashine ya mwanga inasema steroidi imekondesha ngozi yangu, jicho halioni kitu. Nishike lipi?

#1 Nuru77
Habari za humu. Nina pumu ya ngozi tangu utotoni, na inanishika zaidi kwenye mikunjo ya viwiko. Miezi minane iliyopita ilinizidi nguvu, daktari akaniandikia klobetasoli ya asilimia 0.05, krimu kali ya steroidi. Kabla sijaanza kupaka nilipimwa kwa mashine ya mwanga. Unawekewa tone la jeli, kichwa cha mashine kinagusa ngozi, na baada ya sekunde chache inatokea picha ya kijivu. Ukiiangalia ni kama ukuta wa shimo lililochimbwa leo, udongo unauona tabaka kwa tabaka. Wakaniambia tabaka la juu lina maikromita 84 (maikromita elfu moja ni milimita moja).

Wiki iliyopita nimepimwa tena, kliniki nyingine, nikaambiwa 61. Daktari wa huko anasema krimu imeanza kula ngozi, nipunguze. Nikiutazama mkono mwenyewe sioni kitu: hakuna michirizi, hakuna mishipa iliyojitokeza, ngozi haijawa kama karatasi. Hivi kweli mwanga peke yake, bila kukatwa kinyama cha kupima, unaweza kujua ngozi imekonda kabla jicho halijajua?

#2 Kijana Mbishi
Dada, vuta ngozi kwa vidole viwili kisha achia. Ikichelewa kurudi, imekonda. Ikirudi haraka, huna shida. Bibi zetu walipima hivyo na hawakuhitaji mashine.

#3 Mama Pacha
Mbishi, hapo unapima unyumbufu na maji ya ngozi, hupimi unene. Mzee wa miaka 80 ngozi yake inachelewa kurudi na hajawahi kupaka steroidi hata siku moja.

Nuru, mimi ni muuguzi. Kabla ya mashine niulize jambo: ulikuwa unapaka kiasi gani? Kipimo tunachofundisha wagonjwa ni kile cha ncha ya kidole, kilichopendekezwa mwaka 1991. Kamua krimu kwenye tube kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye mkunjo wake wa kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Na tafadhali usiiache ghafla kwa sababu ya namba moja. Nimeona watu wameogopa wakaacha, wakarudi ngozi imechanika na imeoza kwa kujikuna.

#4 Fundi Lenzi
Swali lako ni zuri, jibu lake fupi ni ndiyo, unaweza. Maelezo kidogo.

Mashine uliyoielezea inaonekana ni OCT, yaani tomografia inayotumia mshikamano wa mwanga. Ilitangazwa mwaka 1991 na watafiti wa Massachusetts, wakaanza na jicho. Wazo lake ni kama mwangwi. Unatuma mwanga kwenye ngozi, kila mpaka kati ya tabaka na tabaka unarudisha kidogo, halafu unauliza: huu uliorudi umetoka kina gani? Tatizo mwanga una kasi mno. Kwenda na kurudi ndani ya maikromita 60 za ngozi unatumia kama nusu ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde, na hakuna saa ya kliniki inayohesabu hivyo. Kwa hiyo mwanga unagawanywa sehemu mbili, nusu unakwenda kwenye ngozi, nusu kwenye kioo ambacho umbali wake unajulikana, kisha zinakutanishwa. Pale umbali wa pande zote mbili unapolingana mawimbi yanashikana, na hapo unajua kina.

Mashine za ngozi nyingi zinatumia mwanga wa nanomita 1300 hivi, ambao jicho haliuoni. Zinaona kina cha milimita moja hadi mbili, na zinatenganisha vitu vilivyoachana kwa maikromita 5 hadi 10. Tabaka la juu la ngozi sehemu nyingi za mwili ni maikromita 50 hadi 100. Kwa hiyo lipo ndani ya uwezo wake kabisa, na jicho tupu halitaona tofauti ya 84 na 61 hata ulilazimishe.

#5 Tausi
Naweka ushuhuda wangu. Nilipaka betamethasoni, nayo ni steroidi, usoni karibu mwaka mzima, niliambiwa na rafiki inaondoa chunusi na kung'arisha. Mwanzo ngozi ilipauka, ikawa laini, nikafurahi. Baadaye mashavu yakawa mekundu muda wote, jua kidogo tu yanawaka. Daktari wa ngozi hakutumia mashine kubwa. Alikuwa na dermoskopu, lenzi ya mkononi yenye taa, inakuza mara kumi. Alinionyesha kwenye skrini ya simu yake: mishipa myembamba imetawanyika kama mizizi ya mche ukiung'oa kwenye udongo laini, na katikati yake weupe usio na umbo lolote. Nililia palepale. Mishipa ile nilikuwa naitazama kwenye kioo kila asubuhi na sikuwahi kuiona.

Kwa hiyo Nuru, kwamba huoni kitu si ushahidi kwamba hakuna kitu.

#6 Daktari Mwanafunzi
Pole Tausi. Kwa Nuru naongeza mambo mawili ambayo #4 hakuyagusa.

Kwanza, "kukonda" ni matukio kadhaa yanayofuatana. Steroidi inaingia kwenye seli, inashika kipokezi chake, na kipokezi hicho kinakwenda kwenye kiini kuwasha jeni fulani na kuzima nyingine. Seli za tabaka la juu zinapunguza kugawanyika, kwa hiyo tabaka hilo ndilo linalopungua mapema. Chini yake, seli zinazotengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia ngozi, zinapunguza kazi, na dutu inayoshika maji kati ya nyuzi nayo inashuka. Huko ndiko yanakotoka michirizi na mishipa isiyo na kitu cha kuiegemea. Tabaka la juu likipungua, ukisimamisha krimu kwa kawaida linarudi ndani ya wiki kadhaa. Michirizi ikishatokea hairudi. Ndiyo maana kuwahi kuna maana kubwa sana kwetu.

Pili, na hili nataka lisomwe taratibu: ngozi yenye pumu ya ngozi NI NENE kuliko ya kawaida. Mtu anajikuna, tabaka la juu linajenga ukuta. Nuru alipimwa mara ya kwanza wakati ugonjwa umemzidi. Yawezekana 84 ndiyo ilikuwa namba ya ugonjwa, na 61 ndiyo ngozi yake halisi imerudi. Krimu ilifanya kazi iliyotumwa, sasa inaitwa mwizi.

#7 Nuru77
Daktari, hapo umenipa pumzi. Lakini mbona daktari wangu hakuliwaza hilo?

#8 Mzee wa Maabara
Nimekaa na darubini ya kupimia vinyama vya ngozi miaka mingi. Mnaposema "bila kukatwa kinyama" mnaongea kana kwamba kinyama kinasema ukweli wote. Hakisemi. Ngozi ikishakatwa inajikunja kwa sababu mvutano wake umeondoka. Ikiingia kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, inasinyaa. Inakaushwa kwa alkoholi, inatiwa kwenye nta, inakatwa kwa kisu. Na kisu kikipita mshazari, tabaka linaonekana nene kuliko lilivyo. Halafu shimo uliloacha ni kovu, na huwezi kukata palepale wiki ijayo kuona kama limepona. Mwanga unapima ngozi ikiwa hai, mahali pamoja, mara nyingi utakavyo. Kwa jambo linalobadilika wiki hadi wiki, hapo ndipo unapotushinda.

Ila mpaka wa chini wa tabaka la juu si mstari ulionyooka. Unapanda na kushuka kama vilima, na steroidi inasawazisha vile vilima. Anayechora mstari wa kupimia, akipitisha kwenye kilele au bondeni, anapata namba mbili tofauti kwenye picha ileile.

#9 Nusu Nukta
Nimesoma tangu #1 na kuna kitu kinanikera. Nuru, kliniki mbili, mashine mbili, sivyo?

#10 Nuru77
Ndiyo, mbili tofauti. Ya pili kichwa chake kilikuwa kidogo zaidi.

#11 Nusu Nukta
Basi gawanya 84 kwa 1.4.

#12 Fundi Lenzi
Ee, nimeona unakoelekea. 84 gawanya kwa 1.4 ni 60.

Wadau, hii inabidi niieleze kwa sababu ni kosa la kweli linalotokea. OCT haipimi unene moja kwa moja, inapima safari ya mwanga. Ndani ya ngozi mwanga unakwenda polepole kuliko hewani, kwa kipimo cha karibu mara 1.4. Kwa hiyo unene unaotoka kwenye mashine moja kwa moja ni mkubwa kuliko halisi, lazima ugawanywe. Mashine nyingine zinajigawia zenyewe, nyingine zinamwachia mtumiaji achague. Kama kliniki ya kwanza hawakugawanya na ya pili waligawanya, ngozi ya Nuru ilikuwa 60 na sasa ni 61. Haijapungua hata nukta, na ule wizi wote wa maikromita 23 ni hesabu tu.

#13 Kijana Mbishi
Kwa hiyo mashine za kisasa zimeshindwa kugawanya na vidole vyangu viwili mlivicheka?

#14 Mama Pacha
Tulicheka vidole, na bado tunacheka.

#15 Daktari Mwanafunzi
Nusu Nukta, ni jambo la kuchunguza, lakini kulingana kwa namba si uthibitisho. Tabaka la maikromita 84 kwenye ngozi ya pumu ni namba ya kawaida kabisa bila kugawanya chochote. Nuru, una karatasi za majibu? Angalia kama kuna maneno yanayotaja hewa au tishu karibu na kipimo, au namba kati ya 1.3 na 1.5 pembeni.

#16 Nuru77
Nimetafuta. Karatasi ya pili ina 1.40 kwa maandishi madogo chini. Ya kwanza haina chochote, ina tarehe, jina langu na picha. Nimepiga simu, aliyenipima hayupo tena hapo.

#17 Ngozi Nyeusi
Mnajadili hesabu, mimi nauliza la msingi. Hizi mashine zilijaribiwa kwenye ngozi ya nani? Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidole kilikosa kuona upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kile nacho ni mwanga. Melanini, ile rangi ya ngozi, inameza mwanga. Sasa kwa nini niamini kipimo cha unene?

#18 Fundi Lenzi
Hoja nzito, na jibu linategemea ni mwanga gani. Kipimo cha kidole kinatumia nanomita 660 na 940. Kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka ndivyo melanini inavyomeza kidogo. Kwenye 1300 ya OCT inameza kidogo sana, na mpaka unaoutafuta unauona kwa mwanga uliotawanyika na kurudi. Kwa hiyo unene wa OCT kwenye ngozi nyeusi hauna tatizo lilelile.

Ila kuna njia nyingine za mwanga ambazo hoja yako inazipiga katikati. Wapo wanaomulika ngozi kwa mwanga wa kawaida na kusoma rangi zinazorudi ili wakadirie damu na unene kwa hesabu. Hemoglobini, rangi nyekundu ya damu, ikiwa na oksijeni inajionyesha kwenye nanomita 542 na 577, na palepale melanini bado inameza sana. Hapo kutenganisha nini ni damu na nini ni rangi ya ngozi ni kazi ngumu.

#19 Daktari Mwanafunzi
Naongezea kwa Ngozi Nyeusi. Steroidi yenyewe inabadilisha rangi. Saa chache baada ya kupaka, mishipa inajibana na ngozi inapauka. Tangu mwaka 1962 kupauka huko ndiko kunakotumika kupanga nguvu za krimu hizi. Ukipaka kwa muda mrefu, melanini nayo inaweza kupungua. Mwaka 2012 ulitoka utafiti uliotumia leza ya fotoni nyingi, ambayo inafanya kolajeni na seli ziwake zenyewe bila rangi ya kuongeza. Uliona tabaka la juu linakonda kwa klobetasoli na pia melanini inashuka. Sasa fikiria mashine inayosoma rangi: damu imepungua, melanini imepungua, unene umepungua, vyote kwa pamoja. Itajuaje kipi ni kipi?

#20 Tausi
Ndiyo maana wanaojichubua wanazipenda. Wanaona weupe, hawaoni kinachoondoka chini yake.

#21 Msomaji Tu
Kwani altrasaundi haiwezi? Ipo kila mahali.

#22 Mzee wa Maabara
Ya ngozi ipo, ya megahezi 20. Inafika kina cha milimita kadhaa na inapima tabaka la kolajeni vizuri, imetumika kwenye tafiti za steroidi kwa miongo. Ila wimbi lake ndani ya ngozi lina urefu wa maikromita 77 hivi. Tabaka la juu zima linaweza kutoshea ndani ya wimbi moja. Ni kama kupima unene wa karatasi kwa rula ya fundi seremala. Ndiyo maana mwaka 2006 kuna waliozilinganisha steroidi mbalimbali kwa kutumia OCT na altrasaundi kwa pamoja, kila moja na tabaka lake.

#23 Mama Pacha
Ipo pia ile darubini ya leza ya konfokali, nimeona ikitumika kwa madoa ya saratani. Inaonyesha seli moja moja.

#24 Fundi Lenzi
Kweli, leza ya nanomita 830, inaona seli lakini inaishia kina cha maikromita 200 hadi 250. Kwa tabaka la juu inatosha. Kwa kolajeni ya chini haifiki mbali.

#25 Nuru77
Nimerudi na jipya. Nimeenda kliniki ya pili nikaomba wanipime mikono YOTE miwili, mashine moja, mtu mmoja, siku moja. Nilichagua hivyo baada ya kusoma hapa. Mkono wa kulia, ambao ndio napaka sana: 61. Wa kushoto, ambao ulipona mapema: 66.

#26 Kijana Mbishi
Tano tu! Na Fundi alisema mashine inatenganisha 5 hadi 10. Kwa hiyo hakuna tofauti, kesi imekwisha.

#27 Fundi Lenzi
Haijaisha. Kutenganisha mipaka miwili iliyokaribiana ni jambo moja, kujua mpaka mmoja upo wapi ni jambo jingine. Ukiona kilele cha mlima kwa mbali, unaweza kuonyesha kidole kilipo hata kama vilele viwili vilivyokaribiana ungeviona kama kimoja. Wakichukua vipimo mia kwenye picha moja na kutafuta wastani, wanaweza kuona tofauti ndogo kuliko 5. Nuru, ni picha ngapi kila mkono?

#28 Nuru77
Tatu tatu. Kulia: 58, 61, 64. Kushoto: 63, 65, 70.

#29 Nusu Nukta
Picha tatu za mkono mmoja zinatofautiana kwa 6 au 7, na tofauti ya mikono ni 5. Mimi siwezi kusema ngozi imekonda wala haijakonda. Na ngozi haipo sawa kila sentimita. Alihamisha kichwa cha mashine kidogo tu, ushapata ngozi nyingine.

#30 Daktari Mwanafunzi
Na alikandamiza kiasi gani? Kichwa kikibanwa, ngozi inasinyaa na maji yanasogea pembeni. Na ni saa ngapi? Unene wa ngozi unabadilika ndani ya siku, uso huwa mnene asubuhi na miguu jioni, kwa sababu maji yanashuka. Hilo linagusa zaidi tabaka la chini, lakini linagusa. Na krimu: kama alipaka mafuta asubuhi, tabaka la nje kabisa limenywa maji na kuvimba.

#31 Nuru77
Nilipaka mafuta mazito saa moja kabla. Hawakuniambia nisipake.

#32 Mama Pacha
Mikono yote?

#33 Nuru77
Wa kushoto zaidi. Ulikuwa mkavu.

#34 Nusu Nukta
...

#35 Msomaji Tu
Kushoto napo hajawahi kupaka steroidi kabisa? Kama alipaka, unalinganisha kilichoguswa na kilichoguswa.

#36 Nuru77
Nilipaka kama wiki tatu za mwanzo.

#37 Mzee wa Maabara
Wacha niseme neno moja kwa faida ya dada huyu, maana naona mnamzidishia hofu kwa kumpunguzia. Miezi minane ya klobetasoli kwenye mkunjo wa kiwiko ni mingi. Mikunjo ngozi inakutana na ngozi, joto na jasho vinaisukuma dawa ndani. Vipimo vya mwaka 1967 vilionyesha haidrokotisoni, steroidi nyepesi, inapenya paji la uso mara 6 kuliko upande wa ndani wa mkono, na korodani mara 42. Kiganja cha mguu ni 0.14 tu. Mahali ni kila kitu. Hata kama namba ina mashaka, ushauri wa kupunguza haukuwa wa makosa.

#38 Kijana Mbishi
Mara 42? Mzee, hii mngeanza nayo.

#39 Tausi
Nauliza nje kidogo. Hakuna steroidi isiyokondesha?

#40 Daktari Mwanafunzi
Ndoto ya zamani. Mwaka 2015 walionyesha kwamba panya waliokosa jeni iitwayo REDD1 hawakondi ngozi sana wakipakwa steroidi, ilhali uvimbe bado unashuka. Inaashiria faida na madhara vinaweza kutenganishwa, ila hiyo ni panya. Kwa sasa kuna takrolimasi, si steroidi, haizuii kolajeni. Inawasha siku za mwanzo lakini kope na uso vinaishukuru.

#41 Mama Pacha
Na kuna kupaka siku mbili kwa wiki ngozi ikishatulia, badala ya kila siku. Wengi hawaambiwi hilo.

#42 Nuru77
Daktari amenihamishia huko, siku mbili kwa wiki, kulia tu. Nitaleta majibu.

#43 Nuru77 *(wiki saba baadaye)*
Nimepimwa. Safari hii niliwaomba: hakuna mafuta tangu jana yake, asubuhi, picha kumi kila mkono, mtu yuleyule. Kulia 68. Kushoto 66.

#44 Mama Pacha
Alhamdulillah! Imerudi.

#45 Daktari Mwanafunzi
Ningefurahi nawe, ila niulize. Mkono wa kulia unawasha?

#46 Nuru77
Wiki hii ya mwisho, ndiyo. Usiku.

#47 Daktari Mwanafunzi
Ndicho nilichoogopa. Ongezeko la 7 laweza kuwa ngozi inapona kutoka kwenye steroidi. Laweza pia kuwa pumu ya ngozi inarudi na kuanza kujenga ukuta wake. Kwa namba ya unene peke yake mambo hayo mawili yanafanana kabisa.

#48 Nusu Nukta
La tatu lipo: mara ya kwanza picha tatu na mafuta, safari hii picha kumi bila mafuta. Kipimo kimebadilika, huenda ngozi haijabadilika.

#49 Fundi Lenzi
Namba hazitatusaidia, picha itasaidia. Nuru weka picha ya kulia. Ugonjwa ukirudi, maji yanajikusanya kati ya seli na kwenye OCT yanaonekana kama vishimo vyeusi ndani ya tabaka la juu. Steroidi ikiondoka, hakuna vishimo, mpaka unabaki safi.

#50 Nuru77
Nimeweka. Angalieni kushoto kwa picha, robo ya njia.

#51 Mzee wa Maabara
Nimeona vidoa viwili vyeusi. Kimoja kina kivuli kinachoshuka hadi chini ya picha. Hicho ni shina la nywele, si maji. Cha pili ni kidogo, hakina kivuli.

#52 Fundi Lenzi
Cha pili naona kina ukingo unaong'aa. Jasho linaweza kufanya hivyo, ni njia ya tezi. Ila sikatai maji.

#53 Daktari Mwanafunzi
Mimi naegemea kwenye maji. Kimoja tu, lakini kipo mahali pake.

#54 Kijana Mbishi
Nimekuza picha mpaka macho yanauma. Cha pili kipo kwenye picha ya tatu na ya nne, kwenye ya tano hakipo. Nuru, hizo picha walizipiga wakiwa wamehamisha kichwa au palepale?

#55 Nusu Nukta
Mbishi, hilo ndilo swali bora kwenye uzi huu tangu mwanzo.

#56 Nuru77
Sijui. Nitauliza. Nimeshajichora kwa kalamu ya wino, nukta nne kuzunguka mahali pale, sentimita tatu chini ya kidoa changu cha kuzaliwa, ili safari ijayo waweke kichwa katikati yake. Nina miadi baada ya siku kumi na mbili. Leo usiku nimejikuna kidogo pembeni ya nukta, ndani sikugusa.